Kupima matiti ukiwa huna dalili: faida, hatari na maswali ya wanawake wa Nyanda za Juu Kusini

Ukurasa huu ni wa mwanamke anayejisikia mzima na anajiuliza kama aende kupima, aanze lini, na kipimo chenyewe kinaweza kumletea madhara gani. Mwenye dalili asome swali la kwanza tu, kisha aende hospitali.

Nina kinundu tayari. Nisubiri zoezi la upimaji wa bure la Oktoba?

Hapana, nenda wiki hii. Hesabu za faida na hasara zilizo hapa chini zinamhusu asiye na dalili. Wewe unahitaji uchunguzi wa ugonjwa, na kila mwezi unaopita unakula nafasi yako ya kupona. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya ukaombe barua ya rufaa.

Dalili ni kinundu kigumu kwenye titi au kwapani, ngozi iliyovutwa ndani au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani, damu kutoka chuchuni, au kidonda cha chuchu kisichopona. Wengi hukaa nyumbani kwa sababu kinundu hakiumi. Kutouma si dalili ya usalama, kwani saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa.

Anayenyonyesha ana mtego wake. Titi likivimba na kuwa jekundu hupewa antibiotiki, na mara nyingi ndiyo tiba sahihi. Lakini likikataa kupungua baada ya wiki moja hadi mbili za dawa, omba altrasaundi. Usikubali kubadilishiwa dawa kwa mara ya tatu.

Sina dalili yoyote. Kuna vipimo gani?

Kuna kujikagua mwenyewe, kukaguliwa kwa mikono na mhudumu wa afya aliyefunzwa, na mamografia, yaani picha ya mionzi ya matiti. Altrasaundi hutumika zaidi kuchunguza kitu kilichokwisha kuonekana au kuguswa. Haitoi mionzi, hivyo inamfaa mjamzito na msichana, ila kuipitisha kwa kila mwanamke mzima huibua vinundu vingi visivyo na maana.

Mionzi ya mamografia si ndiyo inaleta saratani?

Ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndiyo hatari ndogo kuliko zote. Picha nne za kawaida, mbili kwa kila titi, hutoa takriban milisiveti 0.4 (milisiveti ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini). Binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kuingia hospitali, kwa hiyo kipimo kimoja ni sawa na miezi miwili ya kuishi tu. Kadiri unavyopanda juu, mionzi ya angani huongezeka: Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, inapata zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam, na hatujasikia aliyehama Mbeya kwa sababu hiyo.

Kidogo hakimaanishi sifuri. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba wanawake 100,000 wakipigwa picha kila mwaka kuanzia miaka 40 hadi 74, mionzi itasababisha saratani 125 na vifo 16, huku kugundua mapema kukizuia vifo 968. Madhara ya mionzi ni makubwa zaidi kwa titi changa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutompiga picha za kila mwaka binti wa miaka 25 asiye na dalili.

Kubanwa na mashine nako hakusambazi saratani. Kunauma kwa baadhi ya watu, kwa sekunde chache kila picha. Titi likibanwa vizuri, mionzi inayohitajika hupungua na picha hutoka safi.

Basi hatari kubwa ni ipi?

Ya kwanza ni kuitwa tena bure. Marekani, kati ya wanawake 100 wanaopigwa picha, kama 10 huitwa warudi, na wengi wao hawana saratani. Uingereza huita kama 4 kati ya 100, na kati ya hao 4 mmoja ndiye hukutwa na ugonjwa. Anayeishi London akiitwa tena hupanda basi la mjini. Anayetoka Makete au Ludewa hulala njiani, huacha watoto kwa jirani, hulipa nauli ya watu wawili, na ikibidi huuza gunia la mahindi kabla bei haijapanda. Kengele ya uongo ni ile ile, ila gharama yake huku ni nyingine kabisa, na makala nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Ulaya haziigusi.

Ya pili ni kugunduliwa saratani ambayo isingekudhuru maishani. Ina swali lake linalofuata.

Ya tatu ndiyo tunayoiona nzito zaidi kwetu: kupimwa, kuambiwa kuna kitu, halafu kusiwe na hatua ya pili. Kipimo chenyewe hakiponyi mtu. Kinachoponya ni mnyororo mzima: picha, kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kupimwa), majibu ya patholojia (maabara inayosoma kinyama hicho), upasuaji, dawa na mionzi ya tiba. Ukikatika mahali pamoja, mwanamke amebaki na hofu tu.

Inawezekanaje saratani isidhuru?

Baadhi hukua polepole mno. Mwanamke huzeeka na kufariki kwa jambo jingine bila kujua kwamba alikuwa nayo. Nyingine zimefungiwa ndani ya mirija ya maziwa na huenda zisitoke humo, na mamografia inazipenda hasa hizi kwa sababu huacha chembe za chokaa zinazong'aa kwenye picha. Tatizo ni kwamba siku ya majibu hakuna daktari anayeweza kukuambia kwa uhakika kama yako ni ya kukaa kimya au ya kuua, hivyo zote hutibiwa: kisu, pengine mionzi, pengine vidonge vya miaka mitano.

Jopo huru la Uingereza lilitoa hesabu mwaka 2012. Wanawake 10,000 wakianza kualikwa wakiwa na miaka 50 na kuendelea kwa miaka 20, vifo 43 vya saratani ya titi huzuiwa, na wanawake 129 hutibiwa saratani ambayo isingewasumbua. Ni kama watatu kwa mmoja. Wataalamu bado wanabishana juu ya namba hizi. Jaribio la Canada lililofuatiliwa kwa miaka 25 halikuona kupungua kwa vifo hata kidogo, na wapo wanaolipinga kwa hoja za ubora wa picha zake. Lisilobishaniwa ni kwamba hasara hii ipo. Anayekuambia "kupima hakuna hasara yoyote" amekuficha nusu ya habari.

Nina miaka 34 na naishi Iringa. Nikapige mamografia?

Kama huna dalili wala historia nzito ya familia, hatukushauri. Titi la kijana limejaa tishu nzito inayotoka nyeupe kwenye picha, na uvimbe nao hutoka mweupe, kwa hiyo kinachotafutwa hujificha huku kengele za uongo zikiongezeka. Fahamu jinsi matiti yako yalivyo, kaguliwa kwa mikono unapokwenda kliniki, na ukiona badiliko omba altrasaundi.

Kwa wenye umri mkubwa zaidi, nchi zinatofautiana. Uingereza huwaita kuanzia miaka 50 hadi wanapotimiza 71, kila baada ya miaka mitatu. Jopo la Marekani lilipendekeza mwaka 2024 kila baada ya miaka miwili, kuanzia 40 hadi 74. Ushahidi ulio imara zaidi ni wa miaka 50 hadi 69. Shirika la Afya Duniani limetahadharisha kwamba pale ambapo huduma za tiba ni dhaifu, fedha na nguvu zielekezwe kwanza kwenye kumgundua na kumtibu haraka mwenye dalili, kabla ya kununua mashine za kupima wazima. Tanzania haina mpango wa kumwita kila mwanamke kwa barua. Uamuzi ni wako na daktari wako, na mwenye miaka 50 na kuendelea ambaye anaweza kumudu safari ya pili akiitwa tena ana sababu nzuri ya kupima.

Kukaguliwa kwa mikono kunasaidia kweli, au ni kwa sababu mashine hazitoshi?

Kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 wenye miaka 35 hadi 64 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likakaguliwa kwa mikono na wahudumu wa afya ya msingi waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili kwa awamu nne. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa 2021. Kwa wanawake wote kwa jumla, upungufu wa vifo haukuwa mkubwa kiasi cha kuthibitika. Kwa wenye miaka 50 na zaidi, vifo vilipungua karibu asilimia 30. Hakukuwa na mionzi wala mashine.

Tatizo ni ubora wa ukaguzi wenyewe. Unaofaa huchukua kama dakika tatu kwa kila titi. Mhudumu hutumia sehemu laini ya vidole vitatu vya kati, si ncha, na huzungusha kwa nguvu za aina tatu: juu juu, katikati, hadi kugusa mbavu. Hutoka kwenye mfupa wa mtulinga, chini ya shingo, hadi mstari wa sidiria, na kutoka mfupa wa kifua hadi kwapani. Unakaa kwanza, kisha unalala mkono ukiwa kichwani. Ukiguswa nusu dakika juu ya sweta na kuambiwa "uko salama mama", hujakaguliwa. Una haki ya kuomba mhudumu mwanamke. Vituo vingi hufanya ukaguzi huu siku ile ile ya kipimo cha siki cha saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo nauli moja inamaliza mawili.

Na kujikagua mwenyewe kila mwezi?

Shanghai walilijaribu jambo hili kwa wafanyakazi wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo. Matokeo ya 2002 yalionyesha kwamba waliofundishwa kujikagua hawakufa kidogo kuliko wenzao, ila walichukuliwa vinyama vingi zaidi vya vinundu visivyo saratani. Ndiyo maana siku hizi hatumfundishi mtu ratiba kali ya kujikagua. Tunamwambia ayajue matiti yake: wakati wa kuoga, siku chache baada ya hedhi kwisha, au mbele ya kioo mikono ikiwa juu. Tofauti isiyoondoka baada ya hedhi inayofuata, ipeleke kwa mhudumu.

Nimeamua kwenda mamografia. Nijiandae vipi?

Piga simu kabla ya kupanda basi. Uliza kama mashine inafanya kazi leo, nani anasoma picha, na majibu yanatoka baada ya siku ngapi. Panga wiki inayofuata hedhi, matiti yakiwa hayajajaa. Vaa blauzi na sketi au kitenge, si gauni, maana utavua juu tu. Usipake manukato ya kwapa, poda wala losheni siku hiyo. Chembe za alumini zilizomo huonekana kwenye picha kama chokaa ya saratani, na utaitwa tena kwa sababu ya poda. Hakuna haja ya kufunga kula. Anayenyonyesha anyonyeshe au akamue kabla ya kuingia. Kama una picha za zamani, nenda nazo hata kama ni za hospitali nyingine: kivuli ambacho hakijabadilika kwa miaka mitatu humtuliza msomaji.

Karatasi ya majibu imeandikwa BI-RADS na namba. Maana yake nini?

BI-RADS ni mfumo wa namba wa kupanga majibu ya picha za matiti. 0 maana yake picha hazijatosha, inahitajika nyingine au altrasaundi. Si saratani, lakini si ruhusa ya kuondoka. 1 ni kawaida. 2 kuna kitu kisicho saratani. 3 inaelekea si saratani, uwezekano hauzidi asilimia 2, urudi baada ya miezi 6. 4 inatia shaka na inahitaji kinyama. Kundi hili ni pana mno, kuanzia zaidi ya asilimia 2 hadi chini ya 95, kwa hiyo muulize daktari yako iko upande gani. 5 inaelekea sana kuwa saratani. 6 ni ya aliyethibitishwa tayari.

Namba 3 ndiyo hupoteza watu. Miezi 6 ni mirefu, msimu wa kulima unaingia, karatasi inachanika. Ipige picha kwa simu na mwambie mtu mmoja wa nyumbani tarehe ya kurudi.

Wazee wanasema uvimbe ukiguswa na sindano au kisu unaamka na kusambaa. Ni kweli?

Si kweli, ingawa tunaelewa imani hiyo ilikotoka. Mtu huenda hospitali akiwa amechelewa, anachukuliwa kinyama, majibu yanakaa miezi miwili, matibabu yanachelewa zaidi, na wakati huo wote ugonjwa unaendelea na safari yake. Akifariki, kinacholaumiwa ni sindano. Kilichoua ni muda. Ni kweli kwamba chembe chache zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano, lakini hilo halijaonekana kufupisha maisha ya mgonjwa anayeendelea na matibabu.

Hatari halisi za kinyama ni ndogo: michubuko, damu kuvilia ndani, mara chache usaha. Ukiwa unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema mapema. Omba sindano nene inayokata vipande vyembamba, siyo upasuaji wa kuondoa uvimbe wote kabla ya kujua ni nini. Unachomwa ganzi kwanza, na utasikia mlio kama wa mashine ya kubana karatasi kila kipande kinapokatwa.

Kisha angalia kikopo. Hapa ndipo mengi huharibika, na mgonjwa anaweza kuona kwa macho yake. Kinyama kitumbukizwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, si kwenye maji ya chumvi wala spiriti. Dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Mdomo wa kikopo uwe mpana, kwa sababu nyama hukakamaa ndani ya formalini na iliyoingia laini kwenye chupa nyembamba haitoki bila kukatwa ovyo. Jina, upande wa titi, tarehe na saa viandikwe kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kinyama kikae kwenye formalini saa 6 hadi 72. Kikisahauliwa wiki mbili kikisubiri usafiri, saratani bado inaweza kuonekana, lakini kipimo cha vipokezi vya homoni, kinachoonyesha kama saratani inakuzwa na homoni, kinaweza kutoa jibu la uongo. Jibu hilo ndilo linaloamua kama utafaidika na tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu ambacho mwingine angenyimwa kwa kosa la kikopo.

Majibu yametoka safi. Nipumzike miaka miwili?

Endelea kuyajua matiti yako. Mamografia hupitwa na saratani kama 1 kati ya 8, na nyingine huota katikati ya kipimo kimoja na kingine, hizo zikiwa mara nyingi za kasi. Ukigusa kinundu miezi minne baada ya majibu safi, karatasi hiyo isikuzuie kurudi.

Natumia dawa za VVU na nina tezi kwapani. Ni saratani?

Mara nyingi sivyo. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ina maambukizi ya VVU yaliyo juu ya wastani wa taifa, na tezi za kwapani huvimba kwa VVU, kifua kikuu, majipu, kidonda cha wembe, hata chanjo iliyochomwa mkono huo. Waambie wanaokupima kuhusu VVU na chanjo, vinginevyo picha itasomwa vibaya. Ila kosa la upande wa pili lipo pia: kila tezi kusingiziwa VVU. Tezi ya upande mmoja, ngumu, isiyopungua kwa wiki kadhaa, ipigwe altrasaundi pamoja na titi la upande huo.

Gari la upimaji wa bure linakuja mtaani. Niende?

Nenda, lakini uliza kwanza. Nani atanipa majibu, na kwa njia gani? Mkikuta kitu, kinyama kitachukuliwa wapi na nani analipa? Barua ya rufaa mnaandika hapa hapa? Nani atanipigia simu nisiporudi? Kama jibu ni "utaenda hospitali yoyote", kaguliwa kwa mikono, chukua jina la kituo chenye kliniki ya matiti, na mengine yafanyie huko.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la siku 60 kutoka kufika kituoni hadi kuthibitishwa ugonjwa. Tumia namba hiyo. Hesabu kwenye kalenda, na siku ya 30 ikipita bila majibu ya patholojia, fuata maabara mwenyewe au mtume ndugu. Kujua njia ya mbele nako ni sehemu ya maandalizi: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo ya juu kwa ukanda huu, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini kupitia Kitonga na Mikumi. Tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa, hivyo suala la wapi utalala ni zito kama suala la dawa. Wenye bima waulize kabla kama kadi yao inabeba picha, kinyama na vipimo vya homoni, kila kimoja peke yake. Asiye na uwezo aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya bili kufunguliwa, si baada.

Mama yangu alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 42.

Pole sana. Kwako hesabu zinabadilika. Kanuni inayotumika sana ni kuanza miaka 10 kabla ya umri aliougua ndugu wa karibu, kwa hiyo wewe karibu na miaka 32 au mapema kidogo, maana aliugua kabla ya kufariki, na mamografia isianze kabla ya 30. Uzito huongezeka kama kuna pia shangazi, dada au mama mdogo aliyeugua titi au mifuko ya mayai. Waulize wazee waziwazi. Mara nyingi husemwa tu "aliugua tumbo". Lakini kutokuwa na ndugu aliyeugua hakukuondoi kwenye orodha, maana wagonjwa wengi hawana historia yoyote ya familia.

Wanaume?

Wao ni kama 1 kati ya wagonjwa 100. Hawahitaji kupimwa wakiwa wazima, ila kinundu chini ya chuchu ya mwanamume kichunguzwe vile vile.

Kuna mtu anapima saratani ya matiti kwa kifaa cha joto, au kwa tone la damu kidoleni.

Usilipe. Picha ya joto haichukui nafasi ya mamografia, na hakuna kipimo cha tone la damu kinachokubalika kupima saratani ya titi kwa mtu asiye na dalili. Hela hiyo iweke ya nauli ya kwenda kukaguliwa na mhudumu aliyefunzwa.